Kabichi za Mama Kinyonga

Watu wa Uporoto wana maneno! Walisema Damari amefuga vinyonga. Kufuga! Mwanamke ambaye akimwona kinyonga njiani anatema mate, anajifunika uso kwa kanga, na kuzunguka kupitia shamba la mtu hata kama ana mtungi wa maji kichwani. Huyo ndiye wa kufuga? Watu wakikosa la kusema wanakuwa hatari.

Ukweli ni kwamba vinyonga wale waliletwa, na aliyewaleta ni Mzee Yotamu. Huyu alikuwa jirani yake, mzee wa kanisa, msomaji wa matangazo ya ndoa kila Jumapili, tena bingwa wa kabichi wa kilima kizima kwa kadiri alivyojitangaza mwenyewe. Bustani zao zilipakana kando ya kijito, ua wa matete katikati. Mwaka ule wa hamsini na sita Bwana Shamba aitwaye Ambrosi alipanda kilima kutoka Mbeya, soksi zimevutwa mpaka magotini, akawaletea wakulima bati la unga mweupe wa kuua wadudu. Kwenye bati palichorwa fuvu la mtu na mifupa miwili. Ambrosi alieleza vizuri, tumpe haki yake. Alisema unga utiwe kidogo tu, anayetia afunge kitambaa puani, na kabichi iliyotiwa unga isiliwe mpaka ikae sana na kuoshwa sana. Mzee Yotamu alisikia maneno ya mwanzo, akainuka kwenda kupokea bati. Lilikuwa bati la wote, lakini likaenda kukaa uvunguni mwa kitanda chake.

Basi mzee akatia unga asubuhi, akatia unga jioni. Viwavi wakafa. Panzi wakafa. Nyuki wa Mzee Bartholomeo, waliokuwa wakipita tu na shughuli zao, wakafa. Kuku wa Damari alipenya kwenye ua, akadonoa kidogo upande wa pili, akarudi kwao kufia mlangoni, miguu juu. Damari alipokwenda kulalamika, Yotamu alimtazama kwa huruma kubwa.

"Haya ndiyo maendeleo, Mama Ikupa," alisema. "Kuku wako hakuwa tayari."

Kiumbe kimoja tu Yotamu hakuthubutu kukitilia unga, nacho ni kinyonga. Na wale wa Uporoto si vinyonga wa mchezo. Dume ana pembe tatu usoni, anatembea kama mzee anayekwenda kudai shamba lake. Yotamu aliamini kwamba kinyonga akifa bustanini mwako mkosi wake unabaki kwako. Akifa kwa jirani, mkosi ni wa jirani. Kwa hiyo kila alipomkuta mmoja alimzoa kwa uma wa samadi aliouunga mpini mrefu wa mwanzi, akafumba macho, akataja Zaburi, akamrusha ng'ambo ya ua. Halafu alinawa mikono na kwenda kwenye ibada.

Damari alipowakuta alipiga kelele mpaka binti yake Ikupa akaja mbio na mwichi wa kutwangia. Walijaribu kuwarudisha kwa ufito. Lakini kinyonga ukimpa ufito anaupanda, na akiupanda haendi kwingine, anakuja kwako, taratibu, jicho moja likikutazama wewe na jingine likitazama mambo yake. Ufito wenyewe waliutupa, wakakimbia. Tangu siku hiyo Damari hakuingia tena kati ya matuta. Alisimama pembeni tu akirusha majivu ya jikoni kwa mbali, kama ilivyokuwa desturi yake kwa ajili ya vidukari, akaihesabu bustani imekufa. Alilia kweli. Kabichi zile ndizo zilikuwa za kumwozea Ikupa.

Ikupa alikuwa amechumbiwa na Kalinga, Mhehe mmoja fundi wa magari kule Ipogolo, Iringa. Mahari ilikuwa imeshatolewa, wazazi wa kijana wameshaahidi kupanda basi kuja harusini, na tangazo la ndoa limeshasomwa kanisani mara mbili. Lilibaki la tatu. Ukoo wa marehemu mume wa Damari ulikuwa umesema tangu zamani kwamba mjane hawezi kumlea binti akafika madhabahuni, ataishia njiani tu. Damari alikuwa ameapa atawaonyesha. Hakuwa na jambo lingine duniani alilolitaka kama hilo.

Sasa sikia maajabu. Asubuhi moja alichungulia bustani yake kwa jicho la kuaga maiti, akakuta kabichi zimefunga, nzito, za kijani, hazina hata tundu. Wakati anashangaa, panzi akatua kwenye jani. Kinyonga aliyekuwa karibu akafungua mdomo, ulimi ukatoka, mrefu kuliko yeye mwenyewe, ukarudi na panzi. Akatafuna bila haraka. Kipepeo mweupe akaja kutaga mayai yake. Naye akaenda huko huko alikokwenda panzi.

"Mwe bandu! Jamani!" Damari alinong'ona. "Kumbe mnakula hapa kwangu na kazi mnafanya?"

Hakuwapenda. Tusidanganyane, aliendelea kuwaogopa kama kifo. Lakini alianza kukata kabichi za pembeni, mkono umenyooshwa, roho mkononi, akazipeleka Mbeya kwa Mrisho, Mswahili mwenye hoteli ya chai na wali karibu na soko, ambaye wazee wake walitoka pwani. Mrisho alizipindua pindua kabichi, akatafuta tundu la kumwezesha kushusha bei, akalikosa.

"Wallahi mama, hizi umezilea kama watoto," alisema. "Lete zote."

Hapo ndipo Yotamu alipougua. Hakuwa na homa, aliugua roho. Yeye na unga wake wote, kabichi zake zilikuwa na vitundu hapa na pale, kwa sababu vipepeo walikuja upya kila siku na hakukuwa na aliyebaki kwake wa kuwala. Alichungulia kwenye matete akaona vinyonga wake, maana walikuwa wake, wamenenepa. Kesho yake kilima kizima kilijua kwamba Damari anafuga wanyama wenye pembe, na kwamba ndio wanaomlimia. Kufikia Jumamosi alishapewa jina, Mama Kinyonga. Jina likashuka mjini kabla yake. Alipofika hotelini na mzigo, Mrisho alitoka nje kumpokea, lakini hakuupokea mzigo.

"Mama yangu, mimi sina neno," alisema, akijikuna kichwa chini ya kofia. "Tatizo wateja. Mtu anakaa, anaagiza, kisha ananiuliza kama kabichi hii kinyonga kaikanyaga. Nimwambieje? Nikisema sijui anaondoka, nikisema ndiyo anaondoka na wenzake."

"Na ile yenye unga wa fuvu wanakula?"

"Hiyo wanakula, mama. Hiyo imetoka kwa Bwana Shamba."

Damari alirudi na mzigo wake kichwani kilima chote. Hasira ilimpanda mpaka akasahau kuchoka. Watu hawa hawa! Picha ya mfu kwenye bati wanaila, kinyonga aliyepita zake wanamkimbia!

Mabaya zaidi yalimngoja kanisani. Jumapili ile Yotamu alisimama kusoma matangazo. Akasoma la mkutano wa kwaya, akasoma la kufagia makaburi, akakunja mikono na kukaa. Tangazo la tatu la Ikupa hakulisoma. Baada ya ibada Damari aliitwa kwenye kikao cha wazee, chumba cha nyuma, akaachwa amesimama karibu na mlango.

Mchungaji Filemoni ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa mtu wa amani, maana yake alikubaliana na aliyesema mwisho. Kulia kwake alikaa Yotamu, kushoto Mzee Bartholomeo, amesinzia.

"Ndugu zangu," alianza Yotamu, "Shetani sote tunamjua ana pembe mbili. Huyu mnyama ana tatu. Hapo tunashughulika na mkubwa wake."

Bartholomeo alifumbua jicho. "Mbuzi naye ana pembe."

"Mbuzi hageuki rangi, Mzee Bartholomeo."

"Mbona wewe uligeuka rangi nilipokuuliza habari za nyuki wangu?"

Yotamu alikohoa, akasema hayo ni mambo ya kikao kingine. Damari akaona hapa hapa.

"Vinyonga hawa umenirushia wewe mwenyewe, Mzee Yotamu! Kwa uma wa samadi! Nimekuona kwa macho yangu."

"Mnasikia?" Yotamu akawageukia wenzake. "Anakiri kwamba anao."

Mchungaji alisema hilo nalo ni kweli, anakiri. Bartholomeo alisema lakini anasema amerushiwa. Mchungaji akasema hilo nalo ni kweli. Wakaenda hivyo mpaka uji ukaletwa. Msichana aliyeuleta aliinama, akachota kidogo, akanywa yeye kwanza mbele yao ndipo akawagawia. Ndiyo desturi ya pande zile, anayekupa chakula au kinywaji anaonja mwenyewe kwanza, kutoa uchawi, ili ujue hakukutilia kitu. Kanisa lilikuwa limeikataza desturi hiyo kwa sababu Wakristo hawaamini uchawi. Lakini wazee wa kikao hawangegusa uji ambao haujaonjwa.

Yotamu alifuta masharubu, akapata wazo.

"Basi aonje," alisema. "Jumapili ijayo ni Sikukuu ya Mavuno. Alete kabichi yake mbele ya watu wote, aile mbichi, bila kuiosha, kama kinyonga alivyoiacha. Akiwa salama, tangazo la binti yake litasomwa. Akikataa, achome bustani yote na vilivyomo, na ndoa isubiri mpaka tujue tunaozesha kizazi cha nani."

Aliyesema mwisho alikuwa yeye. Mchungaji akakubali, akafunga kwa sala.

Damari aliposimulia nyumbani, Ikupa aliangua kilio. "Mama, tuyaache. Twende Ipogolo tukafunge bomani, Kalinga amesema yeye hana shida."

"Bomani?" Damari aliwaka. "Nimekubeba mgongoni nikilima mashamba ya watu, leo uandikishwe bomani kama baiskeli? Wale baba zako wadogo wapate la kucheka mpaka nife? Utaolewa kanisani. Kabichi nitakula."

Alisema kwa sauti kubwa kwa sababu moyoni alikuwa anatetemeka. Naye alizaliwa kilima kile kile. Naye aliambiwa na bibi yake kwamba kinyonga akikukanyagia chakula tumbo linavimba na kupasuka. Aliamini? Mchana hakuamini sana. Jioni jua likizama aliamini kidogo.

Siku ya Jumamosi, akiwa anachota maji, alisikia mtu akipiga chafya ng'ambo ya ua. Alichungulia. Yotamu alikuwa ameinama juu ya kabichi zake kubwa kuliko zote, zile za kupeleka kanisani, kitambaa kimefungwa puani na kingine kichwani, akitikisa unga wa bati kwa ukarimu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa binadamu. Alikuwa ameona kiwavi, na hakutaka kiwavi kichungulie katikati ya Sikukuu ya Mavuno. Alifungua majani kwa kijiti, akatia unga ndani, akayafunga tena. Kabichi zilipendeza. Damari aliinua ndoo yake akaondoka.

Asubuhi ya sikukuu alikwenda kukata kabichi yake. Bora kuliko zote ilikuwa katikati ya tuta, na juu yake amekaa dume mwenye pembe tatu. Damari alisimama. Kinyonga akamgeuzia jicho moja.

"Baba," Damari alisema kwa adabu yote aliyofundishwa, "naomba nipishe. Nina binti wa kuoza."

Kinyonga alifikiri. Aliinua mguu, akaurudisha, akauinua tena, hatimaye akahamia kabichi ya pili. Damari alikata, akaweka kikapuni, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajapumua tangu alipoingia bustanini.

Kanisa lilijaa. Kulikuwa na mahindi, viazi, maharage, ndizi za kutoka Tukuyu, jogoo mmoja aliyeitikia kila sala, na mbele ya vyote kabichi za Yotamu, zimepangwa, zinang'aa. Baada ya ibada vyote vilitolewa nje kwa mnada, kama ilivyo kila mwaka, na wanunuzi wa mjini walikuwa wameshafika, Mrisho akiwa mmoja wao, na kikapu chake. Yotamu akapanda kwenye kiti.

"Kabla ya mnada," alitangaza, "kuna dada yetu ana jambo la kuonja."

Wanawake waliwavuta watoto nyuma. Damari alisogea katikati, akaitoa kabichi, akavunja jani la nje, akafumba macho, akalitia kinywani. Lilisikika likivunjika. Alitafuna. Alimeza. Watu walilitazama tumbo lake. Ikupa alikuwa ameziba uso kwa viganja.

Tumbo halikuvimba. Damari alifumbua macho. Tangu jana hakuwa ameweka kitu mdomoni kwa hofu, na sasa hofu ilipotoka njaa ikaingia. Akavunja jani la pili, akala. Akavunja la tatu.

"Tamu?" aliuliza Bartholomeo.

"Ina maji," alijibu Damari, mdomo umejaa.

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa cha kupumua. Mrisho alisogea mbele, akaikagua ile iliyobaki, akaiweka kikapuni bila kuuliza. Halafu akaenda kwenye kabichi za Yotamu, akaipima moja kwa mikono.

"Hii nayo naitaka," alisema. "Haya mzee wangu, onja."

"Nionje nini?"

"Mama wa watu kaonja yake, kwa nini yako isionjwe? Mimi nauzia watu chakula. Kama desturi ya hapa ni mwenyewe kuonja, basi ni mwenyewe kuonja."

"Ni haki," alisema Bartholomeo kwa sauti ya kushangaza kwa mtu wa umri wake.

"Hilo nalo ni haki," alisema Mchungaji, kwa kuwa ndilo lililosemwa mwisho.

Damari hakungoja. Alivunja jani kwenye kabichi kubwa ya Yotamu. Unga ulimwagika kutoka kwenye mikunjo, mweupe, ukadondokea kwenye viatu vya mzee. Akamnyooshea kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

"Karibu, Mzee wa Kanisa."

Yotamu alilipokea. Alisema tuombe kwanza. Akaomba. Aliombea mvua, wagonjwa, wasafiri wa barabara ya Iringa, wafungwa na wote wenye mamlaka, akarudi kuombea mvua tena. Alipofika amina, jani bado lilikuwa mkononi mwake na watu wote bado walikuwapo.

"Ndugu zangu," alisema, jasho likimtiririka masikioni, "hii kabichi si ya kula."

"Ni ya nini?" aliuliza Mrisho.

"Hii ni ya sadaka."

Hata jogoo alinyamaza. Ndipo mkewe, Tupokigwe, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kusikika akisema neno mbele za watu, aliuliza kutoka upande wa wanawake, kwa wasiwasi wa kweli kabisa:

"Na ile uliyonituma nimpelekee Mchungaji juzi?"

Mchungaji Filemoni aliweka mkono tumboni. Alimtazama Yotamu, akalitazama jani, akautazama unga viatuni. Tangu awekewe mikono kuwa mchungaji, ile ndiyo siku ya kwanza alipofikia uamuzi bila kungoja mtu aseme.

"Shuka kwenye kiti," alimwambia Yotamu.

Akapanda yeye. Alikuwa ameshika tumbo bado, lakini sauti ilitoka.

"Tangazo la tatu na la mwisho. Kalinga wa Ipogolo, Iringa, na Ikupa, binti wa usharika huu, wanakusudia kufunga ndoa takatifu. Mwenye pingamizi na aseme sasa, au anyamaze milele."

Watu walimwona Yotamu akivuta pumzi. Walimjua. Hapakuwahi kuwa na kikao, msiba wala ubatizo ambao Yotamu hakuwa na neno la kusema, na neno lake sasa lilikuwa limeshampanda kifuani, linatafuta njia ya kutoka. Alikuwa na pingamizi. Alikuwa nayo mengi.

Damari alilichukua lile jani mkononi mwa mzee. Alilikunja mara moja, vizuri, kama mtu anayekunja tonge, akalisogeza mpaka likafika chini ya masharubu yake. Akangoja.

Mzee Yotamu alifunga mdomo.